Akiba ya jengo isipigiwe kura

Wamiliki wa nyumba za ghorofa waachiwe kuamua mambo mengi: rangi ya kuta za nje, kampuni ya ulinzi, saa za kuingiza mizigo, hata kama paka wanaruhusiwa kwenye ngazi au la. Jambo moja tu wasipewe nafasi ya kulipigia kura, nalo ni kama watachangia au hawatachangia akiba ya kulitengeneza jengo lenyewe litakapochakaa. Najua kauli hii itawaudhi wengi, hasa wale waliokwisha kuchoshwa na ada ya huduma inayopanda kila mwaka huku taa za ngazi zikiwa hazijawaka tangu Ramadhani iliyopita. Lakini ushahidi tulio nao unaonyesha kwamba watu waungwana, wenye akili timamu na kipato cha kutosha, wakiulizwa mkutanoni kama wako tayari kuanza kulipa leo gharama itakayokuja baada ya miaka 15, husema hapana. Husema hivyo mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka wanaona wana sababu nzuri.

Kwa muda mrefu suala hili halikutuhusu sana. Mtu wa kawaida wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi alimiliki nyumba iliyokaa juu ya kiwanja chake, au alipanga. Paa likivuja, mabati alinunua mwenyewe. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 iliyotuletea hati pacha, na ile ya Kenya ya mwaka 2020 iliyochukua nafasi ya sheria ya 1987, zimepanua aina nyingine ya umiliki: nyumba ya ghorofa ya tano ni yako, ukuta wa nje ni wenu. Msingi, nguzo, paa, ngazi, lifti, tangi la chini na la juu, bomba la maji taka linalopita nyuma ya jiko lako, vyote ni mali ya wote. Benki zinakopesha kwa hati hizo, mashirika ya umma na wajenzi binafsi wanauza kwa hati hizo, na mabango ya barabarani yanatuonyesha familia inayocheka kwenye roshani. Bango halionyeshi pampu ya maji iliyo chini ya ardhi, ambayo nayo familia hiyo imeinunua.

Tumeingia katika umiliki huu tukiwa na mazoea ya upangaji. Vizazi viwili vya wakazi wa Upanga, Kisutu na Kariakoo vililelewa katika majengo yaliyotaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, chini ya Msajili wa Majengo, na baadaye chini ya Shirika la Nyumba la Taifa lililopokea majukumu yake mwaka 1990. Kodi ilikuwa ndogo na matengenezo yalikuwa ya kuomba. Bomba likipasuka, uliandika barua ukangoja. Kungoja kulikuwa kurefu, ila angalau kulikuwa na mtu wa kumngojea. Mwenye hati pacha hana Msajili. Akiamua kumpigia simu mwenye nyumba amlalamikie, simu itaita mfukoni mwake.

Tazama mkutano mkuu wa mwaka wa jengo lolote la wastani. Ajenda ya kwanza ni wadaiwa sugu, ya pili maegesho, ya tatu mlinzi aliyekutwa amelala. Bajeti inafikiwa saa mbili usiku, nusu ya watu wamekwisha kuondoka. Mhasibu anasoma mistari inayojulikana: mishahara ya walinzi na wasafishaji, umeme wa ngazi, dizeli ya jenereta, maji, uzoaji taka, bima kama ipo. Chini kabisa kuna mstari wa akiba. Mzee mmoja anauliza kwa upole hiyo akiba ni ya nini hasa. Mwenyekiti anajibu kwamba ni ya matengenezo makubwa ya siku zijazo. “Basi tuiache kwanza,” anasema mwingine, “likitokea tatizo tutachanga.” Watu wanapiga makofi, mstari unafutwa, ada inabaki ilivyokuwa. Hapo hakuna mwizi wala mjinga. Kila aliyepiga makofi ana karo ya shule Januari, na lifti asubuhi hiyo ilifanya kazi.

Hilo neno tutachanga lina nguvu kwetu kwa sababu tumelijaribu likafaa. Tunachangia harusi, tunachangia misiba, tunachangia matibabu ya India, na fedha hupatikana. Lakini michango hiyo ina sifa ambayo jengo halina: kiasi chochote kinasaidia. Harusi ikikusanya asilimia 60 ya bajeti, ukumbi unabadilishwa na bendi inakuwa spika. Lifti haipandi kwa asilimia 60 ya bei yake. Isitoshe, harusini anayechangia ni anayempenda bwana harusi. Kwenye jengo anayetakiwa kuchangia ni pamoja na mmiliki anayeishi Muscat ambaye hajawahi kufungua barua pepe ya kamati, na mrithi ambaye bado ana kesi ya mirathi na dada zake.

Tumezoea pia kuzungumzia hatari ya majengo yanayoporomoka yakiwa machanga. Ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013, lilikuwa bado linajengwa. Lile la Kariakoo, Novemba 2024, lilifungua mjadala wa vibali, usimamizi na uchimbaji wa chini ya majengo. Mjadala huo ni halali kabisa, ila unatufanya tudhani kwamba jengo likishapita utoto wake limeokoka. Jengo la pwani halijaokoka. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikisaidiwa na maji yanayovuja hupenya taratibu ndani ya zege mpaka ikutane na nondo. Nondo ikianza kuota kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na hulisukuma zege kutoka ndani. Kwa nje utaona mstari wa kahawia chini ya boriti ya maegesho, kisha plasta imevimba, kisha siku moja kipande cha ukubwa wa sahani kinaanguka kwenye boneti ya gari. Fundi anaitwa, anakwangua, anasiliba saruji, anapaka rangi, anapewa laki mbili. Baada ya masika mawili mstari wa kahawia unatokea tena, safari hii pembeni ya kiraka. Kazi ya kweli ingekuwa kuzuia kwanza maji yanakotoka juu, kuchimbua zege mpaka nyuma ya nondo, kusafisha au kubadilisha chuma, halafu kumimina upya. Kamati inaijua kazi hiyo kwa sababu mhandisi aliieleza. Inachagua kiraka kwa sababu akaunti ina fedha za kiraka.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni wa Marekani. Champlain Towers South, katika mji wa Surfside, jimbo la Florida, lilikuwa jengo la ghorofa 12 lenye nyumba 136, lililojengwa ufukweni mwaka 1981. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na wamiliki aliandika kwamba tabaka la kuzuia maji kwenye sakafu inayozunguka bwawa la kuogelea limekwisha, kwamba sakafu hiyo ilijengwa bila mteremko hivyo maji yanatuama, na kwamba zege la chini yake limeharibika vibaya. Makadirio ya kazi yalizidi dola milioni 9. Wamiliki wakabishana juu ya bei, juu ya mhandisi, juu ya kipi kianze, na mwaka 2019 wajumbe wengi wa bodi yao wakajiuzulu. Mfuko wa akiba ulikuwa na chini ya dola 800,000, ilhali tathmini ilionyesha ulipaswa kuwa na zaidi ya milioni 10. Yaani kwa kila dola 100 zilizotakiwa kuwapo, zilikuwapo 7 hivi. Aprili 2021 hatimaye wakapitisha mchango maalumu wa dola milioni 15: mwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala alitakiwa kutoa takriban dola 80,000, na mwenye nyumba kubwa ya juu kabisa zaidi ya dola 330,000. Malipo yalikuwa yaanze Julai 1. Usiku wa Juni 24, saa saba na dakika kadhaa, sehemu kubwa ya jengo ilianguka watu wakiwa wamelala. Walikufa 98.

Lazima tuwe waangalifu na mfano huu. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba sakafu ya bwawa ilikuwa na kasoro za usanifu tangu mwanzo, na kwamba haikuwa na nguvu zilizotakiwa hata siku ilipomalizika. Kwa hiyo si kweli kwamba jengo liliangushwa na akaunti tupu. Kilicho kweli ni kwamba akaunti tupu ilikula miaka mitatu. Kama fedha zingekuwapo mwaka 2018, mabishano yangekuwa kuhusu mkandarasi gani apewe kazi na lini aanze. Na mkandarasi akishachimbua sakafu anaona kilichomo. Badala yake mabishano yalikuwa kuhusu nani ana fedha, na mabishano ya namna hiyo hayaishi, kwa sababu kila mtu mle ndani anasema ukweli anaposema hana.

Jambo linalonishughulisha zaidi katika kisa hiki ni sheria iliyokuwapo. Florida haikuwa nchi isiyo na utaratibu. Sheria yake ilitaka bajeti ya kila jengo iwe na akiba, kisha ikawaruhusu wamiliki, kwa kura ya wengi mkutanoni, kuipunguza au kuifuta kwa mwaka huo. Mwaka 2008 jimbo hilo lilipitisha kifungu cha kutaka mhandisi au msanifu alikague jengo kila miaka 5, nacho kikiwa na mlango wa kura wa kukikwepa. Mwaka 2010 kikafutwa kwa hoja kwamba kinawaongezea wamiliki gharama. Baada ya Surfside, Mei 2022, mlango wa kura ukafungwa. Majengo ya ghorofa tatu na kuendelea yatakaguliwa yakifika miaka 30, au hata 25 kwa yaliyo karibu na bahari. Kutakuwa na tathmini ya akiba ya sehemu zinazolishikilia jengo. Na kwa sehemu hizo hakuna tena kura ya kusema mwaka huu tupumzike. Waliopitisha sheria hiyo ni wanasiasa wa jimbo linalochukia kodi na linalojivunia uhuru wa mwenye mali. Ilibidi watu 98 wafe ndipo wakubali kwamba kuna kura ambayo mwenye mali hapaswi kupewa.

Tukirudi kwetu, tufanye hesabu, maana ubishi mwingi kuhusu akiba hufanywa bila namba. Chukua jengo la mfano la ghorofa nane lenye nyumba 40. Namba zangu ni za kukadiria, na kila kamati iweke zake baada ya kuuliza bei. Lifti mbili kwa shilingi milioni 200, zikidumu miaka 20, ni milioni 10 kwa mwaka. Jenereta la milioni 90 kwa miaka 15 ni milioni 6. Rangi ya nje na plasta, milioni 48 kila miaka 8, ni milioni 6 nyingine. Tabaka la kuzuia maji juu ya paa, milioni 30 kwa miaka 10, ni milioni 3. Mabomba makuu ya maji safi na taka, milioni 75 kwa miaka 25, nayo ni milioni 3. Pampu na matangi, milioni 12 kwa miaka 8, ni milioni moja na nusu. Jumla ni milioni 29 na nusu kwa mwaka. Gawanya kwa nyumba 40, utapata shilingi 737,500 kwa mwaka, ambazo ni kama 61,500 kwa mwezi. Si fedha ndogo. Lakini ndiyo bei halisi ya kuishi katika jengo hilo, na inalipwa hata kama haikusanywi: kila mwezi lifti inachakaa kwa thamani hiyo, rangi inababuka kwa thamani hiyo. Asiyeichangia hajaikwepa. Ameirundika, na siku lifti zote mbili zitakapogoma ataombwa milioni 5 kwa mkupuo, pengine mwaka uleule jenereta linapodai milioni mbili na robo.

Pingamizi la kwanza nitakalolisikia, na ndilo lenye uzito, ni kwamba fedha hizo zitaliwa. Mfuko wenye milioni 150 mikononi mwa kamati ya watu watano wanaojitolea ni kishawishi, na hakuna Mtanzania au Mkenya asiyejua angalau chama kimoja kilichokufa kwa sababu mweka hazina alihama usiku. Hofu hii siipuuzi. Ila tuangalie wizi wa majengo unavyotokea kwa kweli. Lifti inaharibika Ijumaa, wazee wa ghorofa ya saba wanapiga kelele, kamati inamwita fundi mmoja, anatoa bei moja, Jumatatu inapitishwa bila kulinganishwa na nyingine yoyote. Hapo ndipo asilimia 10 ya mtu inapoingia, nayo haionekani kwenye vitabu. Mfuko wenye mpango wa miaka 10 unaondoa dharura: kila mtu anajua lifti itabadilishwa mwaka gani, kwa makisio gani, na kuna miezi mingi ya kuomba bei tatu. Akaunti iwe ya peke yake, isichanganywe na ya mishahara. Watia saini wawe watatu, mmoja asiwe mjumbe wa kamati. Taarifa ya benki ibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa mapokezi na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la jengo, kundi lilelile ambalo kwa sasa linatumika kutakiana Ijumaa njema. Vikoba vya akina mama vinazungusha mamilioni kwa daftari, sanduku lenye kufuli tatu na kuhesabu fedha mbele ya wote. Wamiliki wa nyumba za mamia ya mamilioni hawawezi kudai kwamba uwazi wa kiwango hicho unawashinda.

Pingamizi la pili ni la mtu anayepita. Kwa nini alipie lifti ya mwaka 2040 wakati ana mpango wa kuuza 2029? Jibu ni kwamba halipii lifti ya 2040. Analipia sehemu ya lifti ya leo ambayo ameitumia akaimaliza. Akiondoka bila kulipa, anamwachia mnunuzi bili yake. Hoja hii inamhusu zaidi mwenye kupangisha, ambaye kodi anaipokea kila mwezi, au kila miezi sita kwa utamaduni wetu, na sehemu ya kodi hiyo ni malipo ya mpangaji kwa kupanda lifti na kuoga maji ya pampu. Akiitia yote mfukoni, anakula mtaji wa majirani zake. Wapo pia wasemao akiba italiwa na mfumuko wa bei, na kwamba ni heri kukopa siku ikifika. Hatifungani za serikali zipo, mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ya UTT AMIS ipo, na makisio yanaweza kurekebishwa kila mwaka dola inapopanda. Kuhusu mkopo, sijui ni meneja gani wa benki atakayefurahi kukopesha umoja ambao theluthi ya wanachama wake hawajalipa hata ada ya taka.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la uwezo. Florida yenyewe imelionja: wastaafu wanaoishi kwa pensheni walikuta ada zao zimeruka ghafla kwa sababu majengo yao yalitakiwa kujaza kwa miaka michache shimo lililochimbwa kwa miaka 30, na wengine wakalazimika kuuza. Mwaka 2025 jimbo lilirudi nyuma kidogo, likaruhusu majengo kutumia mikopo na kusimamisha kwa muda michango ya akiba ili yamalize kwanza ukarabati. Wapo watakaosema hiyo ni dalili kwamba sheria ya lazima imeshindwa. Mimi naona inaonyesha gharama ya kuchelewa. Jengo lililoanza kutenga siku wakazi walipokabidhiwa funguo halikutani na mruko huo. Sisi tuna bahati ambayo Florida haikuwa nayo: sehemu kubwa ya majengo yetu ya umiliki wa pamoja bado ni mapya. Dirisha hilo halitakaa wazi muda mrefu.

Na dirisha hilo linawahusu zaidi wenye kipato kidogo. Magorofa ya Magomeni Kota, yaliyozinduliwa Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644 za wakazi wa zamani, na nyumba 1,370 za Park Road, Ngara, jijini Nairobi, yamewapandisha ghorofani watu ambao wengi wao hawakuwahi kumiliki lifti. Kenya, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho, ili nyumba zijengwe. Nchi nzima inachangia kujenga. Swali la nani atachangia pampu mpya mwaka 2036 haliwezi kuachwa kwa mkutano wa wakazi ambao nusu yao ni wachuuzi na mafundi. Kwa majengo ya umma ningetaka sehemu ndogo ya fedha za ujenzi itengwe tangu siku ya kwanza kama mtaji wa mfuko wa akiba, na michango ya wakazi ijengwe juu yake. Anayesema maskini wasibebeshwe akiba ajiulize ni nani atakayekwama ghorofa ya nane lifti ikifa: tajiri atahama, ajuza mwenye magoti mabovu atabaki juu, na maji atapandishiwa na wajukuu kwa ndoo.

Namna ya kuandika sheria haihitaji uvumbuzi. Afrika Kusini imekuwa nayo tangu Oktoba 2016. Kila jengo la umiliki wa pamoja linatakiwa kuwa na mpango wa maandishi wa matengenezo na ubadilishaji wa vifaa kwa miaka isiyopungua 10, na mfuko wa akiba uliotengwa na mfuko wa uendeshaji. Kisha kuna kipimo: mfuko ukiwa chini ya robo ya michango ya uendeshaji ya mwaka uliopita, bajeti ya mwaka mpya lazima itenge kwa ajili ya akiba kiasi kisichopungua asilimia 15 ya michango ya uendeshaji; ukishafika sawa na michango ya mwaka mzima, lazima hiyo inaondoka. Singapore, ambako wananchi walio wengi wanaishi katika nyumba zilizojengwa na serikali, mabaraza yanayosimamia majengo hayo hutenga fedha za matengenezo makubwa kutoka kwenye ada za wakazi, na tangu 2017 yana mfuko wa pekee kwa ajili ya kubadilisha lifti. Sheria za Tanzania na Kenya zimekwisha kuwapa wamiliki chombo cha pamoja chenye uwezo wa kutoza michango. Ninachotaka ni uwezo huo uwe wajibu, na wajibu uwe na namba ambayo mkutano unaweza kuipandisha lakini hauwezi kuishusha. Wizara ya Ardhi ya Tanzania na wenzao wa Kenya wanaweza kuliandika hilo katika kanuni za kurasa chache.

Wajenzi wasisahaulike, kwani wao ndio hupanga ada ya kwanza, na wana sababu ya kuipanga chini. Ada ya 80,000 kwa mwezi huuza nyumba haraka kuliko ya 150,000. Miaka miwili baadaye mjenzi ameondoka, ada ya kweli imejulikana, na kamati mpya ndiyo inayotukanwa. Anayeuza nyumba yenye lifti alazimishwe kumkabidhi mnunuzi orodha ya vifaa vyote vya pamoja, umri vinaotarajiwa kudumu na makisio ya bei ya kuvibadilisha, na mchango wa akiba uanze kuhesabika hata kwa nyumba ambazo hazijauzwa bado, zikilipiwa na mjenzi mwenyewe.

Kanuni zitachukua muda, na wewe unayetafuta nyumba huenda ukasaini mwezi huu. Kabla hujasaini, omba taarifa ya benki ya mfuko wa akiba, orodha ya vifaa vya pamoja pamoja na umri wake, na kumbukumbu za mikutano mikuu miwili ya mwisho. Dalali atakuambia hakuna mtu anayeuliza hayo, uliza. Kisha shuka kwenye maegesho ya chini uangalie boriti. Ukiambiwa mfuko haupo, usikasirike wala usiondoke, ila kata kwenye bei kiasi ambacho muuzaji alipaswa kuwa amekwisha kukiweka, na hesabu hiyo uitaje mbele ya wakili wake. Kwa jengo letu la mfano, likiwa limefikisha miaka 10 bila akiba, hiyo ni shilingi 7,375,000 kwa kila nyumba.